Mwalimu Aliyerudi na Mkasi

Mwaka 1987, mwanamke aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 60, mwalimu mstaafu wa shule, alikaribishwa kufanya kazi kama msanii mkaazi katika jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Turubai hakuwa nayo, na rangi za mafuta zilikuwa ghali kupita uwezo wake. Alikuwa na mkasi, gundi na takataka za jikoni: karatasi za sabuni ya Rexona, pakiti za unga zilizokwisha, kurasa za magazeti ya zamani. Akaanza kukata.

Huyo ni Rosemary Namuli Karuga. Alikuwa amesomea sanaa ujanani, katika chuo kilichosifika kuliko vyote Afrika Mashariki, kisha ikapita miongo mitatu akifundisha watoto wa watu na kulea wa kwake. Aliporudi hakuanzia pale alipoachia. Miaka mitatu baada ya kukaribishwa Paa ya Paa, picha zake zilikuwa zimetundikwa New York, Marekani, pamoja na za wasanii ambao leo ni vigogo wa sanaa ya Afrika.

Habari za msanii aliyeacha kazi na kuirudia hupenda kusimuliwa kama habari za kipaji: kilikuwa kimelala, siku moja kikaamka. Maisha ya Karuga yanaonyesha mambo ya kawaida zaidi, na kwa hiyo yenye kumfaa mtu yeyote mwenye brashi iliyokauka kabatini. Kilichomrudisha ni muda, mahali pa kukaa, watu waliomsukuma, na vifaa alivyoweza kuvipata bila kuingia dukani. Hivyo vinne vilipokutana, kazi ilitoka. Kabla ya hapo havikuwahi kukutana.

Makerere, 1950

Karuga alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mganda, mama yake Mkenya, na mwaka 1950 akavuka mpaka kwenda Kampala kusomea sanaa Makerere. Chuo hicho kilikuwa kimepokea wanafunzi wake wa kwanza wa kike mwaka 1945 tu. Katika shule ya sanaa, Karuga huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza.

Shule hiyo ilianzishwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea shule ya sanaa ya Slade, London, na ambaye miaka ya 1930 alianza kufundisha kikundi kidogo barazani kwake Mulago. Makerere ikayachukua masomo hayo, na baadaye shule yenyewe ikapewa jina lake. Trowell hakutaka wanafunzi wake wakalishwe mbele ya sanamu za Kigiriki na kuambiwa wazinakili. Njia yake ilikuwa ya masimulizi: mwalimu anasimulia tukio, la sokoni, la msibani au la kwenye Biblia, na wanafunzi wanachora kile walichokiona vichwani mwao.

Waliotoka mikononi mwake ndio walioweka msingi wa sanaa ya kisasa ya ukanda huu. Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha uchongaji hapo hapo Makerere, ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alichora watu wakilima, wakivuna na kukata migomba, kisha akawa balozi wa Tanganyika jijini London. Elimo Njau wa Marangu, mwanafunzi wa miaka ya 1950, alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Kristo katika milima ya Wagikuyu. Karuga alisoma usanifu wa michoro, uchoraji na uchongaji, akamaliza mwaka 1952.

Tukiorodhesha majina hayo jambo moja linajitokeza lenyewe. Maloba alipata kazi chuoni. Ntiro alipata kazi chuoni, kisha akaenda Slade. Njau alifundisha, akachora, akaanzisha majumba ya sanaa. Karuga alirudi nyumbani, akaolewa, akaingia darasani.

Miaka ya chaki

Kenya aliyoirudia ilikuwa na moto wake. Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na kwa miaka kadhaa iliyofuata eneo la kati la nchi lilikuwa la vizuizi, vijiji vya kulazimishwa na watu kukamatwa. Soko la picha kwa msanii Mwafrika halikuwapo. Maonyesho machache yaliyokuwapo Nairobi yalikuwa ya Wazungu na kwa ajili ya Wazungu. Paa ya Paa yenyewe ilianzishwa mwaka 1965, na Gallery Watatu ikaja mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Karuga ana miaka zaidi ya 15 tangu amalize chuo.

Kwa hiyo ualimu haukuwa kukata tamaa. Ndiyo kazi iliyokuwapo kwa msomi wa sanaa, ilikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi na ilikuwa na heshima. Tatizo la ualimu kwa msanii liko kwenye saa. Asubuhi ni vipindi, jioni ni madaftari ya kusahihisha, na kwa mwalimu wa kike, kati ya vipindi na madaftari kuna sufuria, nguo na mtoto mwenye homa. Kuchora kunataka saa tatu nne mfululizo ambazo hakuna mtu anayekuita. Mama wa enzi hizo alizipata lini?

Kuna mwalimu mwingine wa Kenya aliyeamua vingine. Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954, aliacha ualimu miaka ya 1980 ili achore. Hakuwa amesomea sanaa popote. Alichora hata kwenye nguo alizovaa, watu wakamwona ameshikwa na wazimu, naye akajibu kwa kujichagulia jina hilo la Sane, ambalo kwa Kiingereza ni mtu mwenye akili timamu. Leo anatambuliwa kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Kenya, na wengi wamefundishwa naye Naivasha. Wadu alilipa gharama ya kuanza, Karuga akalipa gharama ya kungoja, na si haki kumpima mmoja kwa mizani ya mwenzake: mwanamke mwenye familia aliyeacha mshahara miaka ya 1950 ili akachonge sanamu angeambiwa maneno mazito kuliko wazimu.

Hata hivyo, ni kosa kuihesabu miaka ile kuwa tupu. Mwalimu wa shule za Afrika Mashariki amezoea jambo moja ambalo mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Ulaya halijui: kutengeneza kitu kwa vitu vya bure. Zana za kufundishia hazikuletwa na serikali, zilitengenezwa. Maboksi yalikuwa saa ya ukutani, vizibo vya soda vilikuwa vya kuhesabia, picha zilizokatwa magazetini zilikuwa somo la wanyama. Mtu aliyeishi katika desturi hiyo miaka 30 haoni pakiti ya unga kama wanavyoiona wengine.

Mlango wa Ridgeways

Karuga alistaafu miaka ya 1980. Wanawe walikuwa wamekua, na ndio waliomhimiza arudie kile alichokisomea. Msukumo wa watoto si jambo dogo. Mama anayeacha kupika ili achore anahitaji mtu wa nyumbani wa kumwambia kwamba hapotezi muda, na neno hilo likitoka kwa wale aliowalea linakuwa na uzito wa pekee.

Kisha pakapatikana mahali. Paa ya Paa, iliyoko Ridgeways nje kidogo ya Nairobi upande wa Barabara ya Kiambu, ilikuwa mikononi mwa Elimo Njau, mtu wa Makerere ileile ya Trowell. Njau alikuwa adui wa kuiga. Aliamini kwamba Mwafrika anayenakili picha za watalii, twiga machweoni na Mmasai mwenye mkuki, anaua alichopewa. Mwaliko wa msanii mkaazi una maana rahisi: unapewa nafasi, unapewa meza, unapewa wenzako wa kuzungumza nao, na kwa kipindi hicho kazi yako ni kazi yako. Kwa mtu aliyekaa miongo mitatu bila kuitwa msanii na yeyote, kupewa meza ni nusu ya safari.

Lakini vifaa? Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo ambacho wengi wanaotaka kurudi hujikwaa kwacho. Rangi za mafuta, turubai na brashi nzuri ni bidhaa za kuagizwa, na katika Kenya ya miaka ile uagizaji ulikuwa bado wa leseni na fedha za kigeni za kuombwa. Mwalimu mstaafu wa pensheni ya kawaida hakuwa na ubavu huo. Angeweza kungoja mpaka apate fedha, na kama angengoja hatungekuwa na habari hii. Akatazama kilichokuwa karibu.

Namna picha inavyokatwa

Sanaa ya kubandika, ambayo wasanii huiita kolaji, inaonekana rahisi kwa asiyeijaribu. Watoto wa chekechea hukata na kubandika kila siku. Ugumu wake unaanza pale msanii anapotaka karatasi ifanye kazi ya rangi.

Mchoraji wa rangi akitaka kahawia iliyofifia huchanganya kwenye kibao mpaka aipate. Mkataji wa karatasi hana cha kuchanganya. Kahawia yake iko mahali fulani kwenye ukingo wa tangazo, au kwenye kivuli cha picha ya gazeti, au kwenye pakiti yenyewe, na ni lazima aitafute, aikate na aiweke akiba. Kwa hiyo kazi huanza kwa kukusanya na kupanga: nyekundu huku, njano huku, zile za kijani zenye kuelekea weusi pembeni. Ndipo unakuja mchoro mwembamba wa penseli kwenye karatasi ngumu, kisha vipande, kimoja baada ya kingine, vidogo kiasi cha ukucha au vyembamba kama kijiti cha kiberiti.

Vipande vya Karuga vina mwelekeo. Nguo ya mwanamke aliyeinama hujengwa kwa vipande vinavyofuata mkunjo wa mgongo, na manyoya ya kuku hupangwa yakifuata bawa. Nuru na kivuli hupatikana kwa kuhama pole pole kutoka karatasi nyeupe kwenda ya rangi iliyoiva. Ukisimama hatua kadhaa nyuma unaona kina mama wakiwa kazini, mifugo, ndege, uwanja wa nyumba ya shamba. Ukisogea, picha inavunjika na kuwa karatasi. Wahakiki wamezilinganisha kazi hizi na mosaiki za makanisa ya kale ya Byzantium, zile picha za ukutani zilizoundwa kwa vijiwe vya rangi, na ulinganisho huo una ukweli: kote kuwili hakuna mstari uliochorwa, kuna mpaka tu kati ya kipande na kipande.

Hapo pia unaonekana mkono wa mtu aliyesomea uchongaji. Mchongaji hufikiri kwa maumbo na ujazo, kwa upande unaopokea nuru na upande unaoikosa. Mkasi ulimruhusu Karuga kuchonga bila mawe. Kijana aliyetoka Makerere mwaka 1952 akiwa na ujuzi wa udongo na brashi asingetengeneza picha hizi, kwa sababu hakuwa na haja nazo. Zilihitaji uhaba, na zilihitaji subira ya mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka mingi.

Mlevi wa Tutuola na ukuta wa Harlem

Kazi iliyomfikisha mbali ilikuwa ya hadithi. Karuga alipewa kutengeneza picha za riwaya ya Amos Tutuola wa Nigeria, *The Palm-Wine Drinkard*, kitabu kilichochapishwa London mwaka 1952, mwaka uleule aliomaliza Makerere. Picha hizo zilionyeshwa Paris.

Ni vigumu kufikiria kitabu kilichomfaa zaidi. Ni kisa cha mlevi ambaye mgema wake ameanguka kutoka mtini akafa, naye anaamua kumfuata mpaka mji wa wafu ili amrudishe. Njiani anakutana na viumbe vya kila namna. Kimojawapo ni bwana mtanashati ambaye msichana mmoja anamfuata kwa uzuri wake, asijue kwamba viungo vyake vyote ni vya kukodi. Wakiingia msituni bwana yule anavirudisha kwa wenyewe, mguu hapa, mkono pale, mpaka linabaki fuvu. Mtu aliyeungwa kwa vipande vya watu wengine: tayari hiyo ni kolaji. Na kwa mwanafunzi wa Trowell, kusikia tukio na kulitoa kichwani hadi kwenye karatasi lilikuwa somo la kwanza kabisa alilofundishwa.

Mwaka 1990 jumba la Studio Museum, katika mtaa wa Harlem, New York, liliandaa maonyesho ya wasanii wa Afrika wa wakati huo. Walichaguliwa wachache. Kutoka Ghana walikuwapo Ablade Glover na El Anatsui, ambaye alikuwa akifanya kazi Nigeria. Kutoka Nigeria, Bruce Onobrakpeya. Kutoka Zimbabwe, wachongaji mawe kama Henry Munyaradzi na Tapfuma Gutsa. Kutoka Kenya, Rosemary Karuga, na katika kundi hilo mwanamke alikuwa yeye peke yake.

El Anatsui wakati huo alijulikana kwa mbao alizozikata na kuzichoma. Mwishoni mwa muongo huo ndipo alipoanza kushona vizibo na vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, akapata mapazia makubwa ya alumini yanayoning'inia leo katika makumbusho ya dunia nzima. Dunia ilipokuja kushangilia sanaa ya vifungashio vilivyotupwa, mwalimu mstaafu wa Nairobi alikuwa ameshaifanya, kwa kipimo kidogo na bila kelele.

Waliorudi kwa njia nyingine

Karuga hayuko peke yake katika kurudi kupitia karatasi. Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, amepotea na kurudi zaidi ya mara moja. Alipotoka kusoma Slade mwaka 1957 alifanya maonyesho Khartoum, katika Grand Hotel. Watu walikuja siku ya ufunguzi, wakala, wakanywa, hawakurudi tena. Picha zake za kizungu hazikuwaambia kitu. El-Salahi aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi akitazama maandishi ya Kiarabu na mapambo ya nyumba za watu, na aliposhika tena kalamu herufi zilikuwa zimeingia katika picha zake.

Mara ya pili alinyang'anywa. Septemba 1975, akiwa mkubwa katika wizara ya utamaduni, alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika na jaribio la mapinduzi, akawekwa gereza la Kober kwa zaidi ya miezi sita bila kushtakiwa. Karatasi ilikuwa marufuku. Alichora kwenye vipande vya mifuko ya saruji, na askari wakikaribia akavifukia mchangani. Alipoachiwa alijaza daftari zima kwa michoro ya kifungo hicho, daftari ambalo sasa liko katika jumba la MoMA, New York. Na ile desturi ya kuchora kipande kwa kipande, bila kujua picha itaishia wapi, aliendelea nayo. Picha yake maarufu kuliko zote, *The Inevitable*, ya mwaka 1984 na 1985, imeundwa kwa paneli tisa. Mwaka 2013 Tate Modern ya London ilimfanyia maonyesho ya kazi zake za maisha, Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo pale. Uzeeni, maumivu ya mgongo yalipomzuia kusimama mbele ya turubai kubwa, alianza kuchora kwa wino kwenye pande za ndani za pakiti zake za dawa.

Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa Lyon mwanzoni mwa 1941, akiwa na miaka 71, na baada yake kusimama kukawa shida. Kutoka kitandani na kwenye kiti cha magurudumu alishika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi alizozitaka, yeye akakata, wao wakabandika mahali alipoelekeza. Kitabu chake *Jazz* kilitoka mwaka 1947, na aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1954. Tofauti yake na Karuga iko wazi: mmoja alikuwa na wasaidizi wa kumpakia karatasi, mwingine alipokea rangi jinsi kiwanda cha sabuni kilivyoamua.

Watu hawa watatu walizuiwa na mambo matatu tofauti: mmoja kazi na nyumba, mmoja dola, mmoja mwili. Walipopata upenyo hakuna aliyerudia alichokuwa akifanya kabla. Karuga hakuirudia brashi, El-Salahi hakuzirudia picha za Slade, Matisse hakusimama tena siku nzima mbele ya turubai. Wote walianza na kile ambacho mkono uliweza kukifikia wakati ule. Hili ndilo linalowakwamisha wengi wanaotaka kurudi: wanangoja warudishiwe chumba, rangi na ujana wa zamani, na wanaupima mchoro wa leo kwa ule wa chuoni.

Hesabu ya miaka

Karuga aliendelea kukata na kubandika kwa miaka mingi baada ya Harlem. Paa ya Paa ilipata pigo mwaka 1997, moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya jumba na kazi za wasanii wengi. Mwaka 2006 Karuga alihamia Ireland kuishi karibu na binti yake. Alifariki huko Februari 2021, akiwa na miaka 92.

Ukiigawa miaka hiyo, ujana na ualimu vilichukua karibu 60. Sanaa tunayomjua nayo ilitoka katika theluthi ya mwisho. Hasara iliyomo humo haifai kufunikwa kwa sifa. Hatujui ni sanamu gani zingetoka mikononi mwa mwanafunzi wa kwanza wa kike wa sanaa Makerere kama miaka ya 1950 ingempa karakana, na maonyesho ya Harlem yalimkuta akiwa na zaidi ya miaka 60, umri ambao wenzake wa kiume wa Makerere walikuwa wameshaandikwa vitabuni. Vijana wa Nairobi wanaojifunza historia ya sanaa ya nchi yao mara nyingi hukutana na jina lake wakiwa wamechelewa.

Limebaki suala la karatasi zenyewe. Pakiti ya unga ilitengenezwa idumu mpaka unga uishe. Karatasi ya gazeti ina lignini, dutu ya mti ambayo ikipigwa na nuru hugeuka njano, na asidi iliyomo huifanya ikatike kwa urahisi. Wino wa matangazo hupauka, nyekundu na njano zikitangulia. Unyevu hulegeza gundi, na mende na wadudu wengine huila. Ndiyo maana makumbusho huonyesha kazi za karatasi kwa mwanga hafifu, kwa kawaida usiozidi luksi 50, kwa miezi michache, kisha huzipumzisha gizani.

Mwenye picha ya aina hii nyumbani anaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo: asiitundike ukuta unaopigwa na jua wala ule wa jikoni, amwombe fundi wa fremu aweke nyuma yake karatasi isiyo na asidi, ahakikishe kioo hakigusani na vipande, na asikubali kamwe ipitishwe kwenye mashine ya kuilaminisha. Nyuma ya fremu aandike jina la msanii, mwaka, na mahali iliponunuliwa. Picha nyingi za wasanii wa Nairobi wa miaka ya 1980 na 1990 zilinunuliwa na watalii na wageni waliokuwa wakifanya kazi mjini, zikafungwa kwenye masanduku na kuondoka nao, na anayetaka kuzifuatilia sasa hana pa kuanzia zaidi ya kile kilichoandikwa nyuma.